Simiti Juu ya Udongo wa Mama

Mvua yenyewe hata haikunyesha kwetu. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Isiolo kulikuwa na jua la kupasua kichwa siku hiyo ya Jumatatu, watu wamekaa nje ya maduka wakijipepea na vipande vya katoni, kumbe huko juu Meru mbingu zimefunguka tangu asubuhi. Saa kumi alasiri maji yakateremka na laga iliyo nyuma ya mtaa wetu, ile ambayo karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu na mbuzi wanalala ndani. Nilisikia kelele nikadhani ni mwizi. Nikatoka mbio na mwiko mkononi, nikakuta maji ya rangi ya chai yanaingia kwa geti bila hodi.

Ploti yetu ina nyumba mbili. Mimi nakaa kwenye chumba cha mabati upande wa barabara. Mama anakaa nyuma, karibu na laga, kwenye nyumba ya udongo ya vyumba viwili ambayo aliijenga kwa mikono yake kabla mimi sijazaliwa. Sisi ni Waturkana, na kwetu anayejenga nyumba ni mwanamke. Kazi ya marehemu baba ilikuwa kupanda juu kupigilia mabati, na hata hayo, mama husema, aliyapigilia vibaya.

Nilimshika mama mkono tukavuka hadi kwa jirani, mama mmoja Msomali ambaye nyumba yake ya mawe imeinuka ngazi nne. Akatukalisha sebuleni na miguu yetu michafu, akatupa chai ya tangawizi, akawa anamwambia mama, "Pole, ayeyo, pole sana." Ayeyo ni nyanya kwa Kisomali, na yeye humwita mama hivyo tangu alipoolewa mtaani. Tukayatazama maji dirishani. Yalikaa saa mbili, kisha yakaenda zake yakatuachia matope.

Mtu ambaye hajawahi kutoa matope ndani ya nyumba asiniambie habari ya kazi. Tulianza alfajiri na beleshi na karai. Tope lilikuwa linanata, halafu lilikuwa na harufu, maana vyoo vya mtaa mzima vilifurika na vyote vikapitia kwetu kutusalimia. Godoro la mama lilikuwa limekunywa maji mpaka watu wawili hatukuweza kuliinua. Tulilikanyaga pale pale uani, mimi nimefunga leso kiunoni, jirani amepandisha buibui mpaka magotini, likitema maji meusi huku sisi tukicheka kwa uchungu. Unga ulikuwa umeshakuwa uji kabla ya kuona moto. Nguo nilizifua mara tatu, na bado Jumapili kanisani nilikuwa najinusa mabega.

Lakini hayo yote ni mambo ya sabuni na jua. Kilichonikausha mate ni ukuta.

Jumatano nilipoingia kwa chumba cha mama niliona ukuta wa upande wa laga umefanya tumbo. Simiti ilikuwa imevimba, kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno. Nikagonga kwa kidole, ikalia kama debe tupu. Chini kabisa kulikuwa na ufa mdogo, na katika ule ufa maji yalikuwa bado yanatoka, tone kwa tone, wakati huko uani vumbi limeanza kurudi. Nikajua maji yamefungiwa mle ndani, na udongo umelowa wote, na hakuna njia yake ya kukauka.

Na hiyo simiti niliiweka mimi. Afadhali niseme mapema kabla jirani hajawaambia.

Miaka mitano nyuma binti yangu alichumbiwa na kijana wa Meru. Watu wa kwao walikuwa wanakuja kutuona, watu wa nyumba za mawe na mashamba ya majani chai, na mimi nikaangalia ile nyumba ya udongo nikaona imenivua nguo. Nikaita fundi. Akafunga waya wa kuku kwenye kuta zote, akapiga plasta ya simiti ndani na nje, tukapaka rangi ya maziwa. Mama alikaa kwenye kigoda chake akitazama. Alisema neno moja tu: "Huo ukuta unapumua." Nikamjibu mbele ya watu, "Mama, ukuta hauna mapua." Watu wakacheka. Mama hakulitaja tena jambo hilo. Wageni wakaja, wakala, wakasifu. Nilijiona mimi ndio mimi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba hata mahali ambapo hapakuwa na ufa.

Nikaita fundi mwingine, kijana Mmeru wa huko sokoni, maana yule wa kwanza alishahama. Akagonga hapa, akagonga pale, akanitikisia kichwa. "Mama, hii imeenda. Dawa yake ni mbili. Bomoa tujenge ya mawe, ama tuongeze simiti nyingine juu, nzito, ishikilie hiyo." Na mimi, aki ya nani, nilikuwa karibu kumwambia aongeze simiti. Mtu mjinga hurudia dawa iliyomuua.

Jioni hiyo ndugu yangu akapiga simu. Ni mdogo wangu, anakaa Nairobi, ana gari na tumbo na sauti ya kusikika bila simu. Jirani mmoja alikuwa amemtumia picha za mafuriko na za ule ukuta. "Dada, mimi nakuja Jumamosi," akasema. "Mama hawezi kuendelea kulala ndani ya matope. Nikikuta huo ukuta umelegea, nambeba siku hiyo hiyo, na msinibishie."

Kawaida mimi na huyo mtu hatumalizi simu bila kugombana. Siku hiyo sikugombana, kwa sababu niliona anasema kweli. Je, ukuta ukimwangukia mama usingizini, nitamwambia nini Mungu?

Mama alisikia yote. Alikuwa amekaa hapo kando, na sauti ya mwanawe haina siri. Alishawahi kwenda kukaa Nairobi, miezi mitatu, alipotibiwa macho. Nyumba ni ghorofa ya nne. Mwanawe alimtunza vizuri, siwezi kumsingizia, lakini mama alikuwa akishinda kwenye balkoni akitazama nguo za majirani zikikauka, na hakuna mtu wa kuongea naye Kiturkana mpaka jioni. Alirudi Isiolo amekonda, viatu vinamvuka. Siku ya kwanza nyumbani alilala kutoka asubuhi mpaka saa tisa. Akaamka akaniambia, "Huko nilikuwa nasubiri tu." Sikumuuliza alikuwa anasubiri nini.

Kwa hiyo nilijua. Ukuta ukianguka, mama anaenda, na safari hii harudi. Na aliyeuharibu ni mimi. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini mimi nilichuma janga nikampa mama alile peke yake.

Alhamisi asubuhi nilipata wazo. Niliwasha majiko mawili ya makaa, nikayaingiza kwa chumba cha mama, nikaacha mlango wazi kidogo, nikasema leo huo ukuta utakauka utake usitake. Mama akafika mlangoni na fimbo yake.

"Unaoka mkate?"

"Nakausha ukuta, mama."

"Toa hizo takataka, kabla hujatuua na moshi wake. Ukikausha ngozi ya nje na maji yako ndani, unafunga usaha." Nikatoa majiko. Akaingia, akaweka kiganja chake kwenye lile tumbo la ukuta, akakaa hivyo kitambo. Kisha akasema, "Leta nyundo na patasi. Toa hiyo nguo uliyomvisha."

"Mama! Si simiti ndiyo inashikilia nyumba?"

"Simiti haishikilii kitu. Imeshikiliwa." Akanitazama kama anavyowatazama watu wa mjini. "Nyumba ni nguzo. Udongo ni wa kuzuia upepo na macho ya watu. Kama nguzo ziko, nyumba iko. Kama nguzo hazipo, naenda Nairobi mwenyewe, hata sitangoja Jumamosi."

Basi nikaelewa kwamba hata yeye hajui. Nguzo zake ni za mtarakwa, mti ambao hauliwi na mchwa, ulioletwa na lori la Meru enzi hizo, na alitoa mbuzi wake wa harusi kuzipata. Lakini tangu nizibe kila kitu kwa simiti hakuna mtu aliyeziona. Miaka mitano zimekaa gizani na unyevu wa mvua zote, halafu na haya mafuriko juu yake.

Tulitegemeza paa kwanza. Jirani alitupa boriti mbili zilizobaki alipojenga, tukazisimamisha chini ya kenchi. Halafu nikaanza kupiga, kutoka chini kwenda juu kama mama alivyosema. Pigo la tatu simiti ikapasuka, na maji yakatoka, wacha tu, yakatoka mpaka nikaruka nyuma. Yalikuwa yananuka. Nyuma ya maji ukafuata udongo, laini kabisa, ukajimwaga miguuni pangu. Nilikata waya wa kuku na koleo, nikavuta, vipande vizima vikaanguka vikiwa na rangi yangu ya maziwa juu yake. Kila kipande kilipodondoka nilisikia kama kimenigonga mimi. Kufikia adhuhuri ule ukuta ulikuwa fito tupu, unaona laga upande wa pili.

Nguzo zilikuwa nne. Mama alikuja na kisu cha jikoni. Akainama kwenye nguzo ya kwanza, chini kabisa inapoingia ardhini, akachoma. Kisu kikakataa. Akachoma tena kwa nguvu, kikateleza. Akachubua kidogo, na harufu ya mtarakwa ikatoka, ile harufu tamu ya sanduku la nguo, baada ya miaka yote hiyo. "Huyu mzima," akasema. Nguzo ya pili, mzima. Ya tatu, mzima. Nikaanza kupumua.

Ya nne ni ya pembeni, na pembe ndiyo inayobeba uzito wote. Kisu kiliingia mpaka kwenye mpini.

Jirani alikuwa amesimama na birika la chai, akasema polepole, "Inna lillahi." Mimi nilikaa chini kwenye lile tope nikalia, na sikulia kwa adabu. Nililia nikisema, "Nimekuua mama, nimekuua kwa sababu ya watu wa majani chai."

"Nyamaza," mama akasema. "Bado sijamaliza kuangalia."

Akapandisha kisu kwa upana wa vidole vitatu, akachoma. Kikaingia. Akapandisha tena. Kikaingia nusu. Akapandisha mara ya tatu, na safari hii kisu kikagonga mti mgumu, ko! Akagonga tena zaidi ya pale, ko, ko, mpaka usawa wa kifua chake. Akajinyoosha akishika mgongo. "Huyu ameoza kisigino, hajaoza mguu. Nani alikufundisha kulilia mtu kabla hajafa?"

Niliruka nikamkumbatia na matope yangu yote. Akanisukuma, lakini alikuwa anacheka.

Yule fundi wa sokoni nilimwita tena. Alifika akidhani tumekubali kubomoa. Alipoona zile nguzo zimesimama uchi alizizunguka mara mbili akizipapasa, akasema, "Nyanya, huu mti siku hizi haupatikani hata kwa dawa." Mama akamwonyesha cha kufanya, na nampa heshima yake, alisikiliza. Alikata kile kisigino kilichooza, akachimba, akaweka mawe mawili ya kuchonga kutoka kwa jirani, akaikalisha nguzo juu yake. Simiti alitumia kidogo, chini ya jiwe tu, mahali pake. Kabla ya magharibi nguzo ilikuwa imekanyaga vizuri kuliko hata nyumba yangu.

Ijumaa hatukufanya kitu. Mama alikataza. Tulifungua mlango na madirisha, tukauachia upepo wa Isiolo ufanye kazi, ule upepo wa mchana ambao huwa tunautukana kila siku kwa kutujazia vumbi kwenye sufuria. Ulipita katikati ya zile fito mchana kutwa ukipiga mluzi. Nilitaka kukoroga udongo wa kukandika kwa lile tope lililojaa uani, nikaona nimepata la bure. Mama akaniuliza kama nataka alale akikumbatia vyoo vya mtaa mzima. Alitaka udongo wa kichuguu, ule uliosagwa na mchwa wenyewe. Tukautuma mkokoteni wa punda nje ya mji, ukarudi na magunia sita, na mwenye punda akatuuliza kama tunafuga mchwa.

Jumamosi saa nne ndugu yangu akafika. Alishuka garini na shati jeupe, akatembea mpaka nyuma, akasimama. Ukuta haupo. Fito zimesimama, nguo za mama zinaonekana kutoka nje, na kitanda, na picha ya baba.

"Hii ni nini?" akasema. "Hii ni nyumba ama tenga la kuku? Dada, mmebomoa kabisa? Mama, wapi begi? Twende."

Mimi nilikuwa nimejiandalia hotuba tangu alfajiri, yenye matusi machache mazuri. Mama akaninyamazisha kwa mkono. Akamwambia mwanawe, "Sukuma."

"Nisukume nini?"

"Si umesema nyumba imelegea? Sukuma hiyo nguzo ya pembeni. Ikisogea, naingia kwa gari hivi nilivyo. Sihitaji begi."

Ile nguzo ya pembeni ndiyo ya kisigino, na simiti ya chini ya jiwe haijamaliza hata siku mbili. Fundi mwenyewe alikuwa amesema tuiache wiki. Nikasema, "Mama, si hiyo," lakini hakunitazama. Ndugu yangu akakunja mikono ya shati, akaweka bega lake pale, na lile bega si dogo. Akasukuma. Akasukuma tena, akichimba viatu kwenye mchanga, uso ukabadilika rangi, mshipa wa shingo ukatoka. Mabati juu yalilia kidogo, kii, basi. Nguzo haikusogea hata upana wa unywele.

Akaacha, akashika magoti akihema. Akatazama juu kwenye paa, akatazama mama. Nikaona uso wake umelegea, na nikajua kwamba hata yeye alikuwa hataki kumchukua, alikuwa anaogopa tu, tena peke yake huko Nairobi, bila mtu wa kumpa chai. Sikuwahi kufikiria hivyo. Nilimhurumia ghafla, jambo ambalo kwangu ni nadra.

"Kumbe ni mtarakwa," akasema.

"Kumbe," mama akasema. "Vua viatu."

Akavua viatu, akavua na shati. Tukachanganya udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe na majivu, akakanyaga mchana kutwa, yeye na tumbo lake, watoto wa mtaa wakija kutazama mtu wa Nairobi akicheza ngoma kwenye tope. Mimi nilibeba, mama na jirani wakakandika. Mama hakuniruhusu kulainisha. Alisema mkono wangu una haraka. Jioni ndugu yangu aliondoka na mgongo umepinda na kiti cha gari kimefunikwa gunia, na hakuulizia begi tena.

Ukuta ulichukua wiki tatu kukauka. Ulitoa nyufa, mama akazipaka, ukatoa nyingine ndogo, akazipaka. Hatukuruhusiwa kuugusa. Halafu mchana mmoja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta ameketi chini ndani ya chumba chake, miguu ameinyoosha mbele, na mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wote mzima mzima, kikombe cha chai mkononi. Nilisimama mlangoni. Nikaingia nikakaa mbele yake.

"Umekauka?"

"Umekauka."

Nilikuwa na swali ambalo lilinikera tangu siku ile ya patasi. Nikaliuliza. "Mama, ile siku ya plasta. Ulijua simiti itaozesha nyumba?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha tu? Wewe, ambaye hunikataza hata kuosha kikombe vibaya? Kwa nini hukushika hata fimbo?"

Akanywa chai kwanza. "Siku ile ulikuwa unaitazama nyumba yangu kama mtu anayetazama kidonda," akasema. "Nikaona wewe ndiye unayeumwa. Ukuta, hata uanguke, najua unavyojengwa. Lakini mtoto akishaaibika mbele ya wakwe, huyo sijui anajengwa na nini."

Nilisogea nikakaa kando yake, nikauegemeza mgongo wangu pia. Ukuta ulikuwa baridi, na ulikuwa imara.